Uzi maalumu: Kula kwa mama lishe wa Kijapani, kuanzia soko la Tanga (ndiyo, Tanga) hadi Karato

Binti Raskazone (mleta uzi)

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu hamjambo.

Huu ni mwaka wangu wa tatu Kitakyushu, mji wa viwanda kaskazini mwa kisiwa cha Kyushu, Japani. Niko masomoni. Nikipiga simu nyumbani, mama mkubwa haulizi masomo. Anauliza, "Mwanangu, leo umekula nini?" Nikimjibu wali, samaki wa kuchoma, supu na achari, ananyamaza kidogo kisha anasema, "Si chakula chetu hicho?" Ndicho, mama. Nimefungua uzi huu kwa ajili ya hilo, kwa sababu vijana wengi wanaokuja huku wanafika wameshatishwa na video za samaki wabichi. Wanajifungia chumbani na tambi za kikombe miezi sita, na huku mtaa wa pili kuna bibi anapika wali mtamu kwa bei ya kawaida.

Nianze na jina. Wiki yangu ya kwanza nilipanda ile treni ya reli moja inayopita juu ya barabara kutoka stesheni ya Kokura, katikati ya mji. Kituo cha kwanza, cha pili, sauti ikatangaza: Tanga. Nikadhani nimesikia vibaya. Nikatazama kibao: Tanga, kwa herufi zetu. Nikashuka, ingawa sikuwa nimepanga kushuka pale. Chini ya kituo kuna soko, nalo linaitwa Tanga. Neno hilo kwa Kijapani linatokana na nyumba za wageni za mahekalu ya Zen, dhehebu la Kibudha, ambako mtawa msafiri alifika jioni, akalala usiku mmoja, asubuhi akaondoka. Kwetu tanga ni la chombo, na anayetangatanga ni msafiri. Maneno hayana undugu, lakini kwa mtu aliyekuwa na siku sita tu ugenini, yalinituliza.

Soko lenyewe ni uchochoro mmoja wa mita 180 hivi, umeezekwa, maduka yamebanana kulia na kushoto. Safu mojawapo imejengwa juu ya mto Kandake kwa nguzo, kwa hiyo muuza samaki amesimama na maji yanapita chini ya sakafu yake. Lilianza zaidi ya miaka 100 iliyopita, mashua za dagaa zilipokuwa zinapanda mto na kushusha mzigo hapo. Mwaka 2022 liliungua mara mbili, Aprili na tena Agosti, na sasa linajengwa upya kwa awamu huku biashara ikiendelea. Ukienda leo utakuta mabati ya ujenzi upande mmoja, na upande wa pili mtu anakata jodari.

Utakachoona kila hatua chache ni nukadaki, chakula cha Kokura. Wanachukua dagaa papa au samaki wa jamii ya vibua, wanawapika taratibu na sosi ya soya, sukari, tangawizi, na kijiko cha nuka, yaani pumba za mpunga zilizochachushwa kwa chumvi. Familia nyingine zina mtungi wa nuka uliorithishwa kutoka kwa bibi hadi mjukuu, unakorogwa kila siku usiharibike. Samaki akitoka hapo mifupa imelainika unaitafuna, na mchuzi ni mzito, mweusi, mtamu na mchachu kwa pamoja. Mimi niliyekulia dagaa wa nazi nilikula vipande vitatu nimesimama.

Lakini kwanza niliuliza, na hili nawaambia Waislamu wenzangu: ulizeni. Baadhi ya wapishi wanatia mirini, ile pombe tamu ya mchele ya kupikia. Nilikuwa na sentensi nimeiandika kwenye simu kwa Kijapani: "Samahani, situmii nguruwe wala pombe, hata ya kupikia. Je, hiki kina?" Muuzaji wa kwanza akasema kina, nikamshukuru. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu, bibi mwenye aproni ya bluu, akachukua simu yangu, akaisogeza mbali na macho akasoma, akanielekeza kwenye trei moja: hiyo haina. Kisha akauliza natoka wapi. Tanzania. Mji gani? Tanga. Akaniuliza tena, nikarudia. Akaita jirani wa duka la tofu, ile soya iliyogandishwa kama jibini, jirani akaita muuza mboga, wakasimama watu wanne wananitazama kwa furaha kama binti wa jirani aliyerudi safari. Siku hiyo alinitilia kipande cha nyongeza. Tangu siku hiyo sina jina jingine pale: naitwa Tanga-san.

Sasa tuingie mgahawani, ambako wengi wanakwama. Vile vihoteli vidogo vyenye pazia fupi la kitambaa mlangoni ndivyo mama lishe wao. Pazia likiwa limetundikwa nje, wamefungua; likiondolewa, wamefunga. Vingi vina dirisha lenye vyakula vya plastiki na bei zake, kwa hiyo hata kama hujui kusoma, mtoe mwenyeji nje umwonyeshe kwa kidole. Hakuna atakayekudharau. Kwingine kuna mashine ya tiketi mlangoni: tia hela, bonyeza kitufe, chukua kikaratasi, mpe mpishi.

Agizeni teishoku. Ni sinia moja: bakuli la wali, supu ya miso (soya iliyochachushwa), samaki au nyama, achari, na kijisahani cha mboga au tofu. Ninapokula mimi sinia la samaki wa kuchomwa kwa chumvi ni yeni 850, na yeni moja inacheza kwenye shilingi 16 hadi 18 za kwetu. Maji au chai ya kijani ni bure. Bakshishi hakuna, ukiacha sarafu mezani watakukimbiza barabarani wakurudishie. Ukimaliza unasema "gochisousama", yaani ahsante kwa chakula. Semeni kwa sauti, mpishi akiwa jikoni asikie.

Nawakaribisha walioko Japani waongeze, na wenye maswali waulize.

Kijana wa Chumbageni

Dada, nimeshuka na uzi wote bila kupumua. Mimi nakuja Oktoba inshallah kwa mafunzo ya miezi minne. Naomba unisaidie mambo mawili. Bajeti ya chakula kwa siku ikoje, na je, kuna chakula ambacho naweza kula bila kuuliza chochote?

Binti Raskazone (mleta uzi)

Karibu sana mdogo wangu wa Tanga.

Ukipika mwenyewe asubuhi na usiku, mchana ukala sinia moja nje, yeni 1,500 hadi 2,000 kwa siku zinatosha. Siri ya wanafunzi ni saa. Kuanzia saa moja jioni, maduka makubwa ya vyakula huanza kubandika stika kwenye vyakula vilivyopikwa siku ile: kwanza punguzo la asilimia 20, baadaye nusu bei. Jifunze kuitambua alama ya "hangaku", nusu bei, kabla hujajifunza kuandika jina lako. Mitaani kwangu kuna mzee anayebandika stika hizo, na sote tunasubiri kwa adabu hadi amalize sahani yake ndipo tuguse. Ukiwa kwenye miji mikubwa, shuka ghorofa ya chini ya maduka makubwa ya fahari. Kule chini kote ni vyakula, vimepangwa kama dhahabu, na jioni navyo hushuka bei.

Jambo jingine la hela: tangu Oktoba 2019 ukila hapo hapo kodi ni asilimia 10, ukibeba ni asilimia 8. Ndiyo maana watakuuliza kila mara kama unakula ndani au unabeba.

Cha kula bila kuuliza? Wali mweupe, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu vya kuchoma, matunda. Samaki wa chumvi wa kuchoma naye mara nyingi ni salama, ila uliza kama hajalowekwa kwenye kitu. Udoni, zile tambi nene za ngano, mchuzi wake ni wa samaki mkavu na mwani, lakini wengine wanatia mirini kidogo. Na tempura ya mboga, yaani mboga zilizochovywa kwenye unga mwepesi na kukaangwa, inaweza kuwa imekaangwa kwenye mafuta ya nguruwe. Ibandike ile sentensi kwenye simu yako.

Kaka wa Hakata

Wakuu, mimi niko Fukuoka, saa moja tu kutoka kwa dada hapo juu, na kitimoto kwangu hakina shida, kwa hiyo acheni nijaze upande huo.

Rameni, yaani tambi za mchuzi, ya hapa ni tonkotsu. Mifupa ya nguruwe inachemshwa kwa moto mkali saa nyingi hadi mchuzi unakuwa mweupe kama maziwa. Utasikia harufu ya mgahawa kabla hujauona. Tambi zake ni nyembamba sana, na utaulizwa ugumu wake: "kata" ni ngumu, "yawa" ni laini. Wenyeji wengi wanachukua kata. Tambi zikiisha na mchuzi umebaki, usiagize bakuli jipya. Sema "kaedama", unawekewa tambi nyingine kwenye mchuzi ule ule kwa yeni 150 hivi. Kwa hiyo kosa la mgeni ni kunywa mchuzi wote mwanzoni.

Lakini ninachotaka kukileta hapa ni yatai. Hivi ni vibanda vya kukokota vinavyofunguliwa jioni pembeni mwa barabara, mtaa wa Tenjin na kando ya mto kule Nakasu. Kimoja kina viti vinane au kumi kuzunguka jiko. Unakaa bega kwa bega na meneja wa benki upande huu na fundi bomba upande ule. Asubuhi ukipita, pale hakuna kitu, njia imesafishwa.

Nawaambia hili kwa sababu kwetu kila baada ya miaka michache machinga na mama lishe wanaondolewa, kisha wanarudi, kisha wanaondolewa. Fukuoka nao walipita humo. Vilikuwa mamia ya vibanda baada ya vita, watu wakalalamika maji machafu na njia kuzibwa, mamlaka ikaweka sharti kwamba leseni haiuzwi, anaweza kuirithi mke, mume au mtoto tu. Vikaanza kufa kimoja kimoja wenye navyo walipozeeka. Mwaka 2013 jiji likapitisha sheria ndogo mahsusi ya yatai: vipimo vya kibanda, saa za kufungua, maji na maji taka, bei zibandikwe waziwazi. Baadaye likaanza kutangaza nafasi kwa waombaji wapya. Leo viko kama 100. Samaki mbichi haruhusiwi kuuzwa humo, lazima kitu kipite motoni. Yaani jiji liliamua kwamba kibanda ni mali ya mji, likakipa kanuni na bomba. Mimi nikila pale nafikiria mama yangu aliyeuza chapati na maharage Moshi stendi miaka 11, kila akisikia gari la mgambo anafunga masufuria.

Binti Raskazone (mleta uzi)

Kaka, hapo kwa mama umenigusa. Mungu ampe afya.

Feri Asubuhi

Mimi ni muuza samaki hapa Feri, Dar es Salaam. Watu wengi wanaopita hapa hawafahamu kwamba jengo la soko letu la Kivukoni lilijengwa kwa msaada wa Japani. Kwa hiyo nina haki ya kuchangia.

Dada, unavyoeleza soko hilo naona hatuko mbali. Hapa pia unanunua samaki kwa mnada, unampelekea mkaangaji, unakula na ndizi na pilipili. Swali langu ni la kazi: kwa nini samaki wao anaweza kuliwa mbichi, na wangu saa nne asubuhi tayari jicho limefifia? Ni barafu tu?

Binti Raskazone (mleta uzi)

Kaka yangu, swali hili nilimpelekea jana muuza samaki wa soko la Tanga la huku ili nikujibu vizuri.

Barafu ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni namna samaki anavyokufa. Wana njia inaitwa ikejime. Samaki akiwa bado hai wanamchoma ubongo kwa msumari mara moja, wanamkata mishipa damu itoke yote, wanamtumbukiza kwenye maji ya barafu. Wale wakubwa wanapitishiwa waya mwembamba kwenye uti wa mgongo. Samaki akihangaika kwenye sakafu ya mashua anamaliza nguvu zote zilizomo kwenye nyama, anakakamaa upesi na kuharibika upesi. Akifa mara moja, anachelewa kukakamaa, nyama inabaki thabiti. Bwana yule alinionyesha mkia wa samaki wawili, mmoja wa njia hii na mwingine wa wavu wa kawaida. Rangi ya nyama tu inatosha kukueleza.

Pia si kila samaki anayevuliwa huku analiwa mbichi. Kuna minyoo ya samaki, na dawa yake ni kumpika au kumgandisha kwa baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24. Wao wenyewe wanaheshimu hilo. Anayekuuzia wa kula mbichi atakwambia, asiyekwambia, kampike.

Mpishi wa Osaka

Salaam wadau. Osaka tunajulikana kwa kula hadi mfuko utoboke, hata neno lake wanalo, "kuidaore". Nitaje mambo machache.

Takoyaki ndiyo nyota ya mtaani. Unga mwepesi wa ngano na mchuzi wa samaki unamiminwa kwenye chuma chenye vishimo, katikati kipande cha pweza, unageuzwa kwa sindano hadi unakuwa duara. Ukiona muuzaji anavyogeuza utakumbuka vitumbua, na kile chuma ni ndugu wa kikaango cha vitumbua kabisa. Pweza mwenyewe kwa kiasi kikubwa anatoka Afrika: Mauritania na Morocco ni wauzaji wakubwa wa pweza Japani. Nilipomwambia hivyo muuzaji wangu alikuwa anajua, akanionyesha boksi. Tahadhari: ndani ni moto sana. Toboa kwanza, usubiri.

Sushi ya mkanda unaozunguka nayo ni ya hapa. Duka la kwanza lilifunguliwa mwaka 1958 Higashi-Osaka na Yoshiaki Shiraishi, ambaye wazo alilipata alipoona chupa za bia zikipita kwenye mkanda kiwandani. Alitaka mfanyakazi wa kiwandani naye aweze kula sushi. Hizo ndizo sehemu za kuanzia kwa mgeni, bei inajulikana kabla hujagusa sahani.

Mtaa wa Shinsekai kuna kushikatsu, mishikaki iliyoviringishwa kwenye unga na kukaangwa. Sosi ilikuwa kwenye chombo kimoja cha wote, na kanuni ni moja: unachovya mara moja tu, kabla ya kung'ata. Ukitaka sosi zaidi, chota kwa kipande cha kabichi. Siku hizi wengi wameweka chupa, lakini kanuni bado imeandikwa ukutani.

Na soko la Kuromon, lile la karibu mita 580, someni bei kabla ya kuagiza. Sehemu kubwa sasa inawalenga watalii. Nilishawahi kulipa kwa mshikaki mmoja wa kamba hela ya masinia mawili ya mchana. Bei ilikuwa imeandikwa, mimi ndiye nilikuwa natazama kamba.

Mzee wa Mbezi

Wanangu, niliishi Nagoya miaka sita, nimerudi 2004. Naupenda uzi lakini msiwapambie vijana. Vile vihoteli vidogo ni vya wateja wao wa miaka 30. Ukiingia mgeni, mazungumzo yanakatika. Niliwahi kuambiwa pamejaa na viti vitatu viko wazi. Halafu nasikia mchele umepanda bei vibaya. Mseme na hayo.

Binti Raskazone (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Umesema kweli, na sikuyasema mwanzoni kwa kuwa niliogopa kumkatisha mtu tamaa. Nimekosea, nayasema sasa.

Mimi pia nimeonyeshwa mikono iliyopishana kama herufi ya X mlangoni. Mara mbili. Mara ya kwanza nililia njiani, kwa sababu nilikuwa na njaa na hijabu yangu na sikujua ni lipi kati ya mambo yangu lililokuwa kosa. Baadaye rafiki wa darasani, Mjapani, alirudi pale akauliza. Mwenye duka alikuwa mzee anayepika peke yake, alihofia kwamba nitauliza kitu naye hana lugha ya kunijibu. Sisemi hilo linahalalisha. Mlango niliofungiwa ulinifungia mimi. Nasema tu kwamba pale sokoni milango iko wazi, hakuna ukuta, kila mtu anamwona kila mtu. Mtu akishaniona nanunua kwa bibi wa nukadaki kila Alhamisi, naye yule wa mgahawa jirani ananifungulia kiti. Ndiyo maana nawaambia wanaokuja: anzeni na soko, mgahawa utafuata. Nunua kitu kile kile, kwa mtu yule yule, siku ile ile. Mwezi wa pili utasalimiwa wewe kwanza.

Mchele ni kweli. Mwaka 2025 mfuko wa kilo 5 ulipita yeni 4,000, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia. Ninapokula mimi kulikuwa na kibao "wali wa kuongeza bure". Kibao kimeondolewa, mama mwenye mgahawa akakiweka nyuma ya friji. Aliniomba radhi mimi binafsi, mwanafunzi, kana kwamba yeye ndiye aliyepandisha. Na vihoteli vinafungwa. Wenyewe wana miaka 75, 80, watoto wako Tokyo ofisini. Mtaa wangu umepoteza viwili tangu nifike. Unakuta karatasi mlangoni imeandikwa kwa mkono, inashukuru wateja kwa miaka 40.

Mzee wa Mbezi

Marahaba mwanangu. Umejibu kiungwana.

Basi na mimi niache kitu kizuri. Nagoya asubuhi ukiingia kwenye mikahawa ya zamani ya kahawa, ukiagiza kikombe kimoja kabla ya saa tano, unaletewa tosti na yai bila kulipa zaidi. Wanaita "morning", na mji mzima unaishi hivyo. Na kwenye orodha ya kahawa, tafuteni jina "Kirimanjaro". Kahawa ya Tanzania huko inauzwa kwa jina hilo. Niliikuta wiki ya kwanza, 1998, sikuwa namjua mtu. Mwenye mkahawa aliponiona naisoma kwa kidole akaja na ramani ya Afrika, nikamwonyesha mlima. Kwa miaka sita sikulipia kikombe cha kwanza cha mwaka mpya.

Msafiri wa Nakuru

Hii thread ni tamu, asanteni watu wa Tanzania. Nilikuwa Aomori, kaskazini kabisa mwa kisiwa kikuu cha Honshu, baridi kali. Kuna soko la Furukawa, unanunua kitabu cha tiketi, unapewa bakuli la wali, halafu unatembea kwa wauzaji, kila kipande cha samaki unalipa kwa tiketi moja au mbili. Unajijengea chakula chako mwenyewe. Mimi niliweka samoni, mayai ya samaki, na ngisi. Je, Tanga ya Kokura iko na hiyo?

Binti Raskazone (mleta uzi)

Ilikuwepo, ndugu yangu. Wanafunzi wa chuo kikuu cha hapa walifungua duka lao sokoni mwaka 2008, wanakuuzia bakuli la wali, unazunguka nalo na kununua vitu vya juu kwa wauzaji. Moto wa Agosti 2022 ulilichukua, pamoja na jumba la sinema la Showakan lililokuwepo tangu 1939. Sinema imejengwa upya na kufunguliwa. Mimi nilifika bakuli likiwa hadithi. Bibi wa nukadaki bado anayo moja ya mabakuli hayo, analitumia kuwekea chenji.

Kijana wa Chumbageni

Dada, na adabu? Nisije nikaaibisha mji.

Binti Raskazone (mleta uzi)

Huwezi kuuaibisha. Machache tu. Hela weka kwenye kisahani kilichopo kaunta, usimpe mtu mkononi. Vijiti usivisimike wima kwenye wali, ndivyo wanavyofanya kwenye msiba. Ukinunua cha kula sokoni, kula ukiwa umesimama mbele ya duka ulilonunulia, kisha uwarudishie takataka. Usitembee huku unakula. Tambi unaweza kuzivuta kwa sauti, hapo hakuna atakayekushangaa. Ukimaliza sinia, lirudishe pale unapoona wenzako wanarudisha. Na mgahawa wa kaunta wenye foleni nje, ukishamaliza kula nyanyuka.

Sasa la mwisho kwa walio Kyushu. Mlango-bahari wa Kanmon una boti kutoka Moji hadi Karato, upande wa Shimonoseki, dakika tano. Soko la Karato ni la samaki wa jumla, lakini Ijumaa hadi Jumapili na sikukuu wauzaji wanapanga vipande vya sushi mezani, unachagua kimoja kimoja kwenye kisahani, unaenda kula nje ukitazama meli zinapita. Huko ndiko makao ya bunju, yule samaki anayejivimbisha na mwenye sumu, na anayemtengeneza lazima awe na leseni. Wao wanamwita "fuku", maana inasikika kama neno la baraka. Nilimla kipande kimoja, cheupe, kimekatwa chembamba hadi unaona rangi ya sahani chini yake. Ladha yake ni ya utulivu sana. Kama huna muda wa boti, kuna njia ya chini ya bahari ya mita 780, unatembea kwa miguu kutoka kisiwa cha Kyushu hadi cha Honshu.

Kaka wa Hakata, kama una nafasi Jumamosi, mimi na wenzangu wawili tutakuwa gati ya Moji saa tatu asubuhi.

Kaka wa Hakata

Nipo. Naleta limau na pilipili ya kusaga ya nyumbani.

Feri Asubuhi

Dada, nimemsomea mwenzangu hapa habari ya ule msumari, kesho tunajaribu kwa changu wawili. Nitaleta picha.

Binti Raskazone (mleta uzi)

Nasubiri kaka, na nitamwonyesha yule bwana wa sokoni. Nami nina ombi kwa mtu yeyote aliyeko Tanga mjini: naomba picha ya soko la Mgandini, asubuhi, upande wa samaki, bibi wauzaji wakiridhia kupigwa. Bibi wa nukadaki ameniomba. Amesafisha kabisa sehemu ya ukuta juu ya mizani.